Haki ya Kufupisha Jina la Mwenzio

Kila lugha ya wanadamu hupenda wepesi, na majina ya mataifa, ambayo aghalabu ni marefu na hutajwa kila siku sokoni, bandarini na mpakani, huwa miongoni mwa maneno ya kwanza kupunguzwa. Lakini katika hayo yaliyopunguzwa, baadhi hupokelewa na wenyewe kwa bashasha, na baadhi huwachoma kama tusi la nguoni. Sisi wa Kilwa, kando ya ziwa Mweru, ambako mvuvi wa Kongo na mvuvi wa Zambia hutega nyavu katika maji yale yale, na kisiwa chenye jina moja na mji wetu kimo ndani ya mipaka ya Zambia, hatuwezi kulitazama suala hili kama mchezo wa wanazuoni. Kuitana kwa taifa na kwa kabila ni sehemu ya maisha yetu, na mara nyingine imekuwa sehemu ya mauti yetu.

Jawabu la kwanza limjialo mtu ni kwamba ufupi wenyewe ndio dharau, kwa kuwa anayekata jina la mtu amekata na heshima yake. Jawabu hili lina sura ya haki, lakini halisimami mbele ya mifano. Mtu wa Australia huitwa Aussie, naye hujiita hivyo kwa fahari. Mwingereza huitwa Brit, wala hanuni. Mtu wa Nairobi au wa Dar es Salaam humwita Mkongomani kwa kifupi “Mkongo”, na Mkongomani haoni kuwa ametukanwa. Akiwa na neno la kusema, ni kwamba kwetu Mkongo ni mtu wa kabila la Wakongo, waliokaa upande wa magharibi karibu na mlango wa mto, na kwa hiyo aliyemwita amemkosea kabila lakini hakumvunjia hadhi. Na mfano ulio mzito zaidi umo humu humu Katanga. Mwaka 1957 Waluba wa jimbo hili waliunda jumuiya yao, iliyokuja kuwa chama cha siasa chini ya Jason Sendwe, wakaiita Balubakat: walichukua jina la kabila na jina la jimbo, wakalikata la pili na kuyaunga yote mawili yakawa neno moja, na mpaka leo wako wanaojitambulisha kwa neno hilo bila ya haya. Lau ufupi ungekuwa ndio dharau, ingetupasa kusema kwamba watu hao walijidharau wenyewe siku ile walipokuwa wakidai heshima yao.

Jawabu la pili huitegemea nia. Amali hupimwa kwa nia, husema wenye hoja hii, na mzee aliyezoea kutamka lakabu fulani tangu utotoni, pasi na chuki yoyote moyoni, hana taksiri. Hoja hii yastahili kujibiwa kwa staha, kwa sababu ndani yake mna ukweli: nia njema humpunguzia msemaji dhambi. Lakini haimpunguzii msikilizaji maumivu. Nia ni siri ya mtu mmoja, ilhali neno ni mali ya umma, na kila alitamkaye hulitamka pamoja na wote waliolitamka kabla yake. Sura ya Al-Hujurat imewakataza waumini kuitana kwa lakabu za kuudhi, nami nafahamu kwamba katazo la namna hiyo humlinda kwanza yule aitwaye, maana yeye ndiye alibebaye jina baada ya msemaji kwenda zake.

Ikiwa sababu haimo katika ufupi wala katika nia peke yake, basi na tuitafute katika uhusiano wa mwenye kuita na mwenye kuitwa. Kufupisha jina ni tendo la ukaribu. Mama hulikata jina la mwanawe, na mwana hufurahi, kwa kuwa mkato huo umetanguliwa na miaka ya malezi na mapenzi. Anayefupisha pasi na idhini amejitwalia ukaribu asiopewa. Na ikiwa juu ya hayo ana nguvu juu ya yule amwitaye, hata huyo wa pili hawezi kumjibu wala kumrudishia, ukaribu ule hugeuka kuwa umiliki. Jina lililofupishwa huwa tusi pale linapokatwa na mwenye nguvu, bila ya ridhaa ya mwenye jina, na likaandamana na matendo ya kumdhili.

Tazama Kenya ya wakoloni, ambako masetla walizoea kuwaita Wakikuyu “Kyuke”. Herufi zilizoondolewa ni chache, lakini neno lile lilitoka kinywani mwa mwenye shamba likaingia sikioni mwa kibarua mwenye kipande, na baada ya hali ya hatari kutangazwa mwezi Oktoba 1952 likatembea pamoja na misako na kambi za vizuizi. Tazama pia Marekani, ambako “Jap” lilitumiwa zamani na magazeti kama mkato tu wa kuokoa nafasi, hata vita vilipokuja likawa neno la chuki. Na tarehe 19 Februari 1942 rais Roosevelt akatia sahihi amri iliyowapeleka kambini watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani, wengi wao raia halisi wa Marekani. Wala tusidhani kwamba mambo hayo ni ya mbali nasi, kwani bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilitengenezwa kwa urani ambayo sehemu yake kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, katika ardhi hii ya Katanga.

Uingereza nayo inatupa ithibati iliyo wazi zaidi. Jina la Pakistan, lililobuniwa na Choudhry Rahmat Ali mwaka 1933, lina ndani yake neno lenye maana ya usafi. Na hata hivyo, tangu miaka ya 1960, kipande kile kile, “Paki”, kimekuwa ukelele wa waliowapiga wahamiaji barabarani. Waliolengwa hawakuwa Wapakistani peke yao: Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, miongoni mwao wazaliwa wa Kampala na Jinja ambao hawakupata kuiona Pakistan kwa macho, walivurumishiwa neno hilo walipofika. Hapa neno halikuwa tena jina la taifa. Lilikuwa hukumu juu ya rangi ya ngozi. Na Brit, ambalo London halimuudhi mtu, liliandikwa kwenye kuta za Belfast kuwaamuru askari na watawala waondoke, nao waliolisoma walielewa kuwa halikuandikwa kwa mapenzi.

Lakini itakuwa kosa kubwa kudhani kwamba dawa ni kulirefusha jina. Mwaka 1992 na 1993, Wakasai wa Katanga, ambao wazazi wao waliletwa kufanya kazi katika migodi na reli, walifukuzwa makwao kwa maelfu, wakarundikana katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Lakini hata jina lao lililo kamili, lisilopunguzwa silabi, lilitosha kuwa mashtaka. Na watu wa Kilwa hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwani mwezi Oktoba 2004, baada ya waasi wachache kuuteka mji na jeshi kuukomboa, kuwa mkazi wa Kilwa kulitosha kumtia mtu katika dhana ya uasi, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walithibitisha vifo vya watu wasiopungua 73. Jina zima linaweza kuua kama linavyoua jina lililokatwa, maadam limegeuzwa kuwa hukumu ya jumla juu ya kila alichukuaye.

Wako watakaosema kwamba vijana wa Uingereza wenye asili ya Pakistan huitana wao kwa wao kwa neno lile lile, kwa hiyo sote tuna ruhusa. Hapana: wao wanalitumia kwa haki ya waliopigwa nalo, kama vile Waluba wa Katanga walivyolikata jina lao kwa mkono wao wenyewe, na haki hiyo haiazimwi. Basi anayetaka kufupisha jina la taifa la jirani yake, na atake idhini kwanza. Akinyimwa, alitamke lote, na akishalitamka asiambatanishe nalo shtaka ambalo mtu aliye mbele yake hakulitenda. Hilo ni deni la kila mwenye ulimi kwa kila mwenye jina, na sisi tuishio mpakani ndio wa kwanza kudaiwa.