Adili na Mjeledi: Kusoma na Kuandika kwa Hadithi ya Wema

Je, wema waweza kusomeshwa kama isomeshwavyo imla? Wasiosomesha hulijibu swali hili upesi: mtoto akipewa kitabu kizuri, atakuwa mtu mzuri. Sisi tulio darasani twajua kwamba jambo si jepesi hivyo. Mtoto aweza kukariri sifa zote za muungwana, akapata alama zote, na saa ya mapumziko akamnyang'anya mwenziwe hindi la kuchoma. Kosa si la mtoto peke yake. Aghalabu kitabu husomeshwa kana kwamba wema ni jibu la mtihani, nalo jibu la mtihani halina kazi tena mtihani ukiisha.

Napenda kulijadili jambo hili kwa kitabu kimoja tu, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1952. Ni riwaya fupi ambayo watoto wa shule wa Afrika Mashariki wameisoma kwa miongo mingi, nayo yatufaa sana sisi tunaosomesha Kiswahili hapa Uganda, kwa sababu nitakazozieleza. Mzizi wake ni wa kale. Visa vyake vyafanana mno na vile vya Abdallah bin Fadhil na nduguze katika Alfu Lela Ulela. Adili, mtawala wa Janibu chini ya mfalme Rai, ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Yeye huwakirimu, nao humlipa kwa kumtosa baharini. Huria, jini ambaye Adili alimtendea hisani zamani, anamwokoa. Kisha jini huyo anawageuza ndugu wale wawili kuwa manyani na kumwamuru Adili awapige kila usiku. Asipotii, adhabu itamgeukia yeye mwenyewe.

Kikwazo cha kwanza ni majina. Msomaji akikutana na mtu aitwaye Hasidi, hana haja ya kungoja matendo yake. Jina limekwisha kumhukumu. Hii ni fani ya mwandishi, na ina uzuri wake, lakini humnyima mwanafunzi kazi iliyo kubwa kuliko zote katika kusoma, yaani kumjua mtu kwa anayoyatenda. Kwa hiyo nashauri kwamba katika somo la kwanza mwalimu asimulie au asome sehemu aliyoichagua bila majina hayo: ndugu mkubwa, ndugu wa pili, ndugu mdogo. Majina yaje baadaye, na wanafunzi waulizwe kama yanawafaa wenyewe. Wengine watasema kwamba Hasidi na Mwivu ni jina moja lililogawanywa mara mbili, wala hawatakuwa mbali na kweli.

Sehemu inayofaa kuanziwa ni ile ya Ikibali. Mjumbe huyu wa Rai amefika Janibu kwa ajili ya kodi iliyochelewa. Usiku anamwona mwenyeji wake akiwaendea manyani wawili, akiwapiga kwa mjeledi, kisha akiwalisha na kuwabembeleza. Mwalimu na afunge kitabu hapo hapo. Asieleze lolote juu ya jini wala bahari. Wanafunzi waandike taarifa ya Ikibali kwa mfalme, sentensi tano tu, na kila sentensi iwe na jambo lililoonekana kwa macho. Zoezi hili ni gumu kuliko linavyodhaniwa. Wengi wataandika, "Adili ni mkatili," au, "Adili alikuwa amerukwa na akili." Hayo hayakuonekana, yamedhaniwa. Kupambanua kati ya aliona na alidhani ni nusu ya elimu ya kuandika, na pengine ni zaidi ya nusu ya elimu ya kuishi na jirani.

Baada ya hapo ziandikwe ubaoni sentensi mbili fupi: Adili aliwapiga manyani. Adili aliwalisha manyani. Kazi ni kuziunganisha ziwe moja. Mwanafunzi mmoja ataandika, "Adili aliwapiga manyani akawalisha." Mwingine ataandika, "Adili aliwapiga manyani lakini aliwalisha." Wa tatu, aliyesoma zaidi, ataandika, "Ingawa Adili aliwapiga manyani, aliwalisha." Tena huenda akatokea wa nne, mwenye ulimi mkali: "Adili aliwalisha manyani ili apate kuwapiga tena kesho."

Matukio ni yale yale, lakini hukumu ni nne. Aliyetumia -ka- anasimulia tu. Hasemi kwamba matendo hayo mawili yanagongana. Aliyetumia lakini ameuona mgongano. Aliyetumia ingawa amekwisha kuegemea upande wa chakula, maana neno hilo huupunguzia mjeledi uzito wake. Ukitaka kuthibitisha, igeuze sentensi: "Ingawa Adili aliwalisha manyani, aliwapiga." Sasa mizani imelalia upande mwingine, na hakuna neno jipya lililoongezwa. Na yule wa ili amemshitaki Adili waziwazi. Tumezoea kuvisomesha viunganishi kama misumari ya fundi seremala, kazi yake kushikamanisha mbao tu. Hapa mwanafunzi ataona kwamba kiunganishi chaweza kumpa mtu haki yake au kumnyima.

Lipo jambo jingine dogo la sarufi ambalo kwetu Uganda si dogo. Mwanafunzi ambaye lugha ya mama yake ni Luganda huandika "mbwa inauma" na "manyani yalilia", kwa kuwa katika Luganda mnyama hufuata ngeli ya jina lake: embwa eruma. Kiswahili humpa mnyama kiambishi kile kile cha mtu: mbwa anauma, manyani walilia. Kwa kawaida twalisahihisha kosa hili kwa wino mwekundu na kupita. Katika kitabu hiki tusipite haraka. Manyani hawa ni watu, tena ni ndugu, na kanuni ya sarufi inamkumbusha msomaji jambo ambalo Ikibali hakulijua alipokuwa akichungulia.

Ndipo kitabu kifunguliwe tena, kisa chote kisomwe, na swali lenyewe liulizwe: Adili ni mtu mwema? Wako watakaomtetea kwamba alikuwa chini ya amri, na kwamba wema wake ni kile alichokifanya nje ya amri, maana Huria alimwagiza apige, wala hakumwagiza abembeleze. Utetezi huu una nguvu. Wengine watasema kwamba mwema wa kweli angekataa, hata kama kukataa kungemletea maumivu. Hao nao wana haki, maana katika riwaya mkono wa Adili hausimami kwa uamuzi wake mwenyewe, unasimama Rai anapoingilia kati na kuwaombea wale ndugu hata wakarudishiwa umbo la binadamu. Mimi naona kwamba Adili astahili huruma zaidi kuliko sifa. Mtu anayepiga kwa amri kila usiku yumo katika hatari kubwa kuliko maumivu ya mwili, nayo ni hatari ya kuzoea. Kinachomwokoa Adili ni kwamba hakuzoea. Lakini sipendi kumwambia hivyo mwanafunzi kabla hajaandika lake.

Hapa mwalimu ajiandae, kwa sababu darasa halitabaki Janibu. Mtoto mmoja atauliza juu ya fimbo. Sheria ya Watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, imepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni. Hata hivyo sote twajua kwamba fimbo haijatoka katika shule zote. Na mwalimu apigaye asubuhi, kisha mchana akampa mtoto yule yule kalamu kwa upole, ni nani katika hadithi hii? Na aliyemwamuru ni nani? Mtoto akiuliza hayo, amesoma kwa ufahamu, na kumnyamazisha ni kulibatilisha somo zima. Nafahamu kwamba baadhi ya wenzangu wataona kuwa huku ni kuwapa watoto mjeledi wawapige walimu. Sioni hivyo. Kitabu kinachosomwa kwa sharti la kutomgusa yeyote aliyemo chumbani chatosha kusomwa na kabati.

Sababu nyingine inatuhusu zaidi sisi wa nchi hii. Kiswahili kiliingia katika nyumba nyingi za Uganda kwa mdomo wa askari. Kilikuwa lugha ya amri katika jeshi la wakoloni. Kikatangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 chini ya utawala wa Idi Amin, na wako wazee wanaokumbuka hadi leo Kiswahili cha vizuizi vya barabarani cha miaka ile. Mwaka 2005 katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kwamba kitumike kuwa lugha rasmi na kisomeshwe shuleni. Matangazo yote hayo hayawezi kumwondolea bibi hofu ya neno "simama". Mjukuu wake anaporudi nyumbani na maneno kama hisani, radhi, kusihi na kuwia radhi, lugha ile ile inaanza kusikika kwa sauti nyingine. Kitabu cha Shaaban Robert kimejaa msamiati wa namna hii. Ni mzito kwa mwanafunzi wa Gulu au Masaka, nakubali, na haifai kumlisha maneno hamsini kwa siku moja. Saba au nane yatosha, alimradi ayatumie.

Limebaki suala la kusahihisha. Insha inayomtetea Adili kwa lugha mbovu isipewe alama nyingi kwa sababu ya moyo wake mzuri, wala insha inayosema kwamba Hasidi na Mwivu wangepigwa milele isinyimwe alama ikiwa hoja zake zimepangwa na viambishi vyake ni sahihi. Mwalimu asiyekubaliana nayo aandike swali pembeni, mathalani: "Na Mwivu akitubu usiku wa pili?" Mtoto anayelipwa alama kwa kusema mema atajifunza upesi kuyauza mema, na bei yake ataijua kabla hajaijua maana yake.

Zoezi la mwisho na liwe barua. Mwanafunzi ajitie mahali pa Rai, aandike kuwaombea ndugu wale wawili kwa Huria. Barua isizidi ukurasa mmoja, isikanushe kosa lililotendwa, na iwe na sababu moja ambayo jini aliyekasirika aweza kuisikiliza. Kisha barua zikusanywe, zibadilishwe, na kila moja isomwe kwa sauti na mtu asiyeiandika, wenzake wakisikiliza kwa masikio ya Huria.