Daftari na Hesabu ya Nafsi

Inasimuliwa kuwa Imam al-Ghazali, akiwa bado kijana, alikuwa akirudi kwao Tus kutoka masomoni Jurjan pale msafara wake ulipovamiwa na majambazi. Akamfuata mkubwa wao na kumsihi amrudishie karatasi alizoandikia masomo yake. Yule jambazi akacheka, akamuuliza anadaije kuwa na elimu ilhali kunyang'anywa karatasi kumemwacha mtupu. Karatasi akarudishiwa, lakini maneno yale hayakumtoka. Alipofika nyumbani alitumia miaka 3 kuyahifadhi yote aliyoyaandika.

Hoja ya jambazi ilikuwa na umri mkubwa hata wakati ule. Katika *Phaedrus* ya Plato, Sokrates anasimulia habari za Thamus, mfalme wa Misri, aliyeletewa uvumbuzi wa maandishi asiupokee kwa furaha, kwa kuhofia kuwa watu wataacha kuitumia kumbukumbu yao. Mimi ni mwalimu wa historia na elimu ya dini hapa Tanga, na kaunta buku ya mawazo nimeishika tangu chuo cha ualimu. Hoja hii siipuuzi. Lakini jambazi na mfalme wote wawili wanachukulia kuwa kazi ya daftari ni kuhifadhi. Mimi naamini kazi yake kubwa ni kushuhudia.

Kumbukumbu ina upendeleo. Hushika yale yanayotupa haki na kuyaachia yanayotupinga. Charles Darwin, aliyeanza mwaka 1837 kujaza madaftari juu ya mabadiliko ya viumbe, alieleza katika habari za maisha yake kanuni aliyoifuata kwa miaka mingi: kila alipokutana na jambo linalopinga matokeo yake, aliliandika papo hapo. Alikuwa amegundua kuwa mambo ya aina hiyo ndiyo yanayoponyoka upesi zaidi. Kitabu chake juu ya mabadiliko hayo kilipotoka mwaka 1859, pingamizi nyingi alizoletewa alikuwa amekwisha kuzifikiria.

Al-Ghazali naye, katika *Ihya Ulum al-Din*, alitenga kitabu kizima kwa ajili ya muhasaba, yaani mtu kuikalia nafsi yake kama mfanyabiashara anavyokaa na mshirika wake kukagua faida na hasara. Basi ni mfanyabiashara gani anayekagua mali ya shirika kwa kukumbuka tu? Mshirika mjanja atakuambia hukumpa kitu, na nafsi ni mjanja kuliko washirika wote.

Mimi huandika wazo ukurasa wa kulia, wa kushoto nikauacha wazi. Kulia niliwahi kuandika kuwa subira ni kunyamaza. Miezi ilipita, kisha jirani yangu mjane akafungua kesi mahakama ya mwanzo kudai shamba aliloachiwa na mumewe. Alikwenda kila alipoitwa, hakumtukana shemeji yake hata mmoja, wala hakuacha sala. Nikaandika kushoto: huyu anasema, na ana subira. Bila ukurasa wa kulia ningeapa kuwa siku zote niliijua subira hivyo, na somo alilonipa mama yule lingepotea bila mimi kujua kuwa nimefundishwa.

Ndiyo maana nasisitiza mkono na wino. Kwenye simu, wazo la jana hufutwa na la leo likakaa mahali pake pasiwe na dalili. Neno lililokatwa kwa kalamu bado linasomeka chini ya mstari, na mwandiko wenyewe unaonyesha palipoandikwa kwa hasira na palipoandikwa kwa utulivu.

Sisi Waislamu tunaamini kuwa matendo yetu yanaandikwa na malaika, na kwamba siku moja tutaambiwa tusome. Kitabu kile hatuna mamlaka nacho. Daftari tunalo, na tunaweza kulisoma tungali na nafasi ya kurekebisha. Kwa hiyo wanafunzi wangu huwaambia waanze na lile ambalo wangependa kulisahau.