Mmea Uzikwao Kabla ya Kuzaa

Iko mimea ambayo mkulima huipanda hali ya kuwa hana nia ya kuivuna. Marejea, ule mmea wa porini wa jamii ya kunde wenye majani membamba na maua ya manjano hafifu, ambao katika miaka ya 1980 Padre Gerold Rupper wa abasia ya Peramiho aliueneza kwa bidii miongoni mwa wakulima wa Tanzania, hufukiwa shambani mara unapochanua, ungali laini na mbegu zake hazijakomaa, ili uoze na kuurutubisha udongo utakaolisha mahindi. Je, kiumbe kinachokatizwa hivyo kimedhulumiwa, au kimetolewa sadaka? Na kama ni sadaka, mtoaji ni nani?

Wahubiri aghalabu hukimbilia mfano wa Injili wa punje ya ngano ifayo ardhini ikazaa nyingi. Lakini mfano huo, pamoja na utukufu wake, haulingani na habari hii, kwa kuwa ngano hurudi ikiwa ngano, ilhali marejea hayarudi, na neema yake huchumwa na mmea wa jinsi nyingine. Tena amali hupimwa kwa nia, kama wanazuoni wa Kiislamu wanavyofundisha, na mmea hauna nia. Basi mtoaji ni mkulima, aliyeliacha shamba lake msimu mzima pasipo kutia kitu ghalani.

Hapa Babati, chini ya mlima Kwaraa, msimu kama huo ni ghali mno kwa mwenye shamba dogo na watoto wengi, na ndiyo sababu wengi wamechagua mbaazi, ambazo hupandwa pamoja na mahindi, hubaki zimesimama mahindi yakishavunwa, na huangusha majani yake ardhini huku zikizaa punje za kuuza. Ng'oa mche mmoja taratibu, udongo ungali na unyevu, utafute vinundu katika mizizi yake, ukipasue kimoja kwa ukucha: kikiwa hai, ndani ni chekundu, na humo vijidudu huikamata naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea.

Mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi ziingiazo nchini mwake, bei iliporomoka, na mkulima aliyezitegemea kwa karo za watoto alikuwa na haki ya kusikitika. Lakini majani yalikwisha kuanguka, na udongo ulikwisha kupokea ulichostahili.

Nasema ulichostahili, kwa maana naamini kwamba tunachourudishia udongo si sadaka hata kidogo, bali ni deni: kila gunia la mahindi liondokalo Babati limechukua sehemu ya rutuba ya ardhi tuliyopewa kwa amana, na mlaji wa Arusha au Dar es Salaam, ambaye hajapata kushika jembe, ni mdaiwa sawasawa na aliyelima. Ni dhuluma basi kumwachia mkulima peke yake dhima ya kulipa deni hilo, akafunga mkaja msimu mzima kwa niaba ya wote; na kwa insafu, msimu ule aliofukia marejea bila ya kuvuna kitu ungepaswa kuhesabiwa katika bei ya gunia lake.