Kanuni Isiyojua Asili: Swali la Uwajibikaji katika Kugeuza Lugha kwa Mashine

Mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza Kigiriama huko Jilore, bara ya Malindi kando ya mto Sabaki, hugundua mapema kanuni moja ya kupendeza. Penye sauti /t/ katika Kiswahili, mara nyingi Kigiriama huwa na /h/: mti ni muhi, moto ni moho, mtoto ni muhoho. Akiiamini kanuni hiyo, mwanafunzi wetu atakisia kwamba mtu ni “muhu” na kitu ni “kihu”. Wenyeji watacheka, kwani wao husema mutu na kitu.

Kosa hilo halikutokana na uzembe. Katika Kibantu cha awali, shina la neno mti lilikuwa na /t/ pekee, ilhali shina la mtu na kitu lilikuwa na /nt/. Kiswahili kimeziunganisha sauti hizo mbili, Kigiriama kimezitenga. Kanuni inayolitazama umbo la Kiswahili peke yake haiwezi kufaulu, kwa sababu habari inayohitajika haimo tena katika umbo hilo.

Makala haya yanadai kwamba hapa ndipo penye kiini cha tatizo la kugeuza programu za kompyuta kutoka lugha moja hadi nyingine kwa mashine, na kwamba tatizo hilo ni la kimaadili kabla ya kuwa la kiufundi. Mashine huhamisha kilichoandikwa. Haki, mara nyingine, hukaa katika kisichoandikwa.

Huenda msomaji akapinga kwamba lugha za programu si kama lugha za binadamu, kwa kuwa zilibuniwa makusudi ili kuepuka utata. Ni kweli kwamba kila moja ni wazi ndani ya mipaka yake. Utata huzaliwa mpakani. Tuchukulie kwamba deni la shilingi 7, lililoandikwa kama −7, linagawanywa kwa watu wawili kwa hesabu ya namba nzima. Katika Python 2, alama ya mgawanyo hutoa −4. Katika Java, alama ile ile hutoa −3. Kwa hesabu ya kwanza wadaiwa hulipa shilingi 8, na mkopeshaji hupata shilingi moja asiyostahili. Kwa hesabu ya pili hulipa 6, na mkopeshaji hupunjwa moja. Anayeinakili alama bila kuuliza amehamisha mzigo kutoka bega moja hadi jingine, na wala hapana ilani itakayomwonya.

Mfano wa pili unatokana na Python yenyewe, ilipohama kutoka toleo la 2 kwenda la 3, lililotoka mwaka 2008. Katika toleo la zamani, 7 kugawanya kwa 2 hutoa 3. Katika jipya hutoa 3.5. Programu ya 2to3, iliyotengenezwa ili kurahisisha uhamaji huo, haikuigusa alama ya mgawanyo, kwani haikuwa na njia ya kujua kama namba zilizokusudiwa ni nzima au la. Wala umbo la programu halisemi iwapo mwandishi aliitaka ile 3, kwa kuwa alihesabu magunia yaliyojaa, au aliipata kwa kughafilika. Alama moja, asili mbili: tumerejea kwenye mti na mtu.

Mwaka 2020 watafiti wa Facebook walitangaza TransCoder, mfumo uliojifunza kugeuza programu baina ya C++, Java na Python bila kupewa kanuni za mkono. Tafsiri zake zilipimwa kwa kuziendesha na kulinganisha majibu. Kipimo hicho ni bora kuliko kulinganisha maumbo. Hata hivyo, jaribio hujibu lile tu ambalo mtu alikumbuka kuliuliza. Kosa la “muhu” hukutana papo hapo na sikio la mwenyeji, ilhali kosa la shilingi moja halina sikio. Laweza kurudiwa mara elfu, na anayeumia asijue ameumizwa na nini.

Hapa uhakiki wa fasihi una la kuchangia. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa anwani ya Mabepari wa Venisi mwaka 1969, uteuzi wa neno “mabepari” ulikuwa hukumu yake, wala haukutokana na kamusi. Tunaweza kuupinga, kwa sababu kuna jina juu ya jalada na nia nyuma ya neno. Mfasiri anayeweza kuulizwa “kwa nini?” ni mfasiri anayewajibika.

Hatusemi mashine ziachwe. Programu kuukuu zisipogeuzwa hufa pamoja na kazi walizozitegemea watu, na binadamu naye hukosea. Tunachosisitiza ni kwamba wepesi wa kugeuza haufuti wajibu wa kujibu. Anayeiendesha mashine hana budi kupaweka alama mahali ambapo umbo la asili limenyamaza, kuwatafuta wanaoijua nia yake, na kutia jina lake chini ya uamuzi. Mwanafunzi wa Jilore alisahihishwa kwa sababu alinena mbele ya wenye lugha. Anayegeuza hesabu za watu na asiwape nafasi ya kusikiliza, amewanyima hata fursa ya kucheka.