Nyumba ya Ukingoni

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maji kwa kipimo na akalipa kila bonde njia yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema.

Ndugu zangu Waislamu, wazee wangu, vijana wangu, na kina mama mlio nyuma ya pazia: naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu. Ucha Mungu hauishii kwenye mswala. Unatoka nasi msikitini, unafuatana nasi shambani na sokoni, mpaka pale fundi anapovuta kamba ya msingi. Leo tuzungumze hapo, kwenye kamba ya msingi.

Jumatano iliyopita nilipita kando ya korongo nikitokea kumwangalia mgonjwa. Nikamkuta fundi na vijana wawili wakichimba msingi, hatua kumi hivi kutoka ukingoni. Tofali za kuchoma zilikuwa zimepangwa, mchanga umeshamwagwa, na mchanga wenyewe ulichotwa humohumo korongoni. Pembeni palikuwa na mgunga. Kwenye matawi yake, usawa wa kifua changu, yalikuwa yamenasa majani makavu, kipande cha kandambili na mfuko wa mbolea uliochanika. Nikamuuliza fundi: "Hivi vitu kavitundika nani?" Akasema: "Ni maji, shehe, ya msimu wa mvua." Nikamuuliza tena: "Na yakirudi yatapita wapi?" Akanijibu: "Mwenye kiwanja anasema korongo hili lilishakufa."

Ndugu zangu, korongo halifi, hulala tu. Sisi wa Kintinku tunakaa chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Mvua ikinyesha huko juu Kilimatinde, maji huteremka yakiitafuta mbuga ya Bahi, na mbuga hiyo haina mlango wa kutokea baharini. Njia hiyo ilikuwepo kabla ya reli, kabla ya lami na kabla ya babu zetu. Anayejenga juu yake amejenga katika haki ya maji, na maji hudai haki yake usiku, watoto wakiwa wamelala.

Katika Sura ya Tawba, aya ya 109, Mwenyezi Mungu anatupigia mfano wa majengo mawili: moja msingi wake ni ucha Mungu na kutafuta radhi zake, na jingine limesimamishwa kwenye ukingo ulioliwa na maji chini, tayari kuporomoka. Wafasiri wanaeleza kwamba maneno haya yanahusu msikiti uliojengwa Madina na wanafiki kwa nia ya kuwadhuru waumini. Tuzingatie hapo: lile jengo liliitwa msikiti, lakini jina hilo halikulifaa kitu. Sasa itakuwaje nyumba yangu au yako, ikiwa inamdhuru jirani?

Wanazuoni wa fiqhi walilipa jambo hili jina tangu karne za mwanzo: harimu. Kisima kina harimu yake, mto una harimu yake, yaani eneo la pembeni ambalo hakuna mtu mwenye ruhusa ya kulifanya lake, kwa sababu ukilichukua umeharibu manufaa ya wote. Kwa kisima cha kunyweshea mifugo wametaja dhiraa 40. Nasi wafugaji tunaelewa kwa nini: ng'ombe wanahitaji mahali pa kusimama, na maji yasichafuliwe.

Sasa sikilizeni. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au ufukwe wa bahari. Nasikia watu wakisema hayo ni mambo ya serikali, hayana dini ndani yake. Wallahi, hizo mita 60 ni harimu kwa jina jingine.

Mwingine atasema: shehe, ufukwe wa bahari unatuhusu nini sisi wa Kintinku? Unatuhusu, kwa sababu mchanga ni mchanga. Mkabala na Pangani, mkoani Tanga, kulikuwa na kisiwa kidogo cha mchanga kiitwacho Maziwe. Kilikuwa na miti ya mivinje, na kasa walipanda kutaga mayai yao humo. Wenyeji husimulia kuwa miti ilikatwa, na mchanga ukakosa mizizi ya kuushika. Bahari ikaanza kula. Leo Maziwe ni fungu tupu: maji yakipwa linaonekana, yakijaa linazama. Mayai ya kasa wanaotaga hapo, watu huyahamishia bara, ufukwe wa Ushongo, yasisombwe na maji. Kiumbe wa Mungu amepoteza nyumba yake, na kisiwa hakina wa kukirudisha.

Nendeni Lamu, upande wa Kenya. Milima ya mchanga ya Shela inakunywa mvua na kuhifadhi maji matamu chini yake, na visima vya pale ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Wenyeji wamepigania milima ile isijengwe nyumba za kifahari. Ikijengwa, tajiri mmoja anapata pa kuitazamia bahari, na mji mzima unabaki na hofu ya kunywa maji ya chumvi.

Je, mchanga wa makorongo yetu si vivyo hivyo? Kiangazi kinapokaza, mama zetu hufukua wapi maji? Humo humo mchangani. Kila lori linaloondoka na mchanga bila mpango linaondoka na ndoo ya maji ya mama wa mtu.

Na yeyote asidhani kwamba kosa hili ni la mjenzi peke yake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 Dar es Salaam, na bonde la Msimbazi likawa bahari. Desemba 2015 mashine zilifika Jangwani, katika bonde hilohilo, kubomoa, nyumba zikiwa na alama nyekundu ya X ukutani. Wengi waliolia siku ile walikuwa wamenunua kwa fedha halali. Basi aliyewauzia yuko wapi? Aliyenyamaza wakati msingi unachimbwa yuko wapi?

Mtume wetu (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikagusa unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamtaka aiweke iliyolowa juu watu waione, na akajitenga na kila anayedanganya. Kiwanja cha korongoni kinachouzwa wakati wa kiangazi ni nafaka hiyo hiyo: juu pakavu, chini pamelowa.

Kwa hiyo nasema na kila mmoja kwa nafasi yake. Wewe mnunuzi, usitoe shilingi kabla hujawauliza wazee maji hupita wapi, na kabla hujafika ofisi ya kijiji na ya halmashauri kuuliza habari za kibali cha ujenzi. Wewe muuzaji, sema aibu ya kiwanja chako kabla ya kutaja bei. Wewe fundi, ukiona takataka zimenasa mtini, weka jembe chini useme, japo ukose kibarua. Na ninyi mliopewa muhuri, muhuri ni amana. Kuupiga kwa rushwa ni dhulma, na kumzungusha mnyonge miezi kwa miezi mpaka akate tamaa ajenge bila kibali, hiyo nayo ni dhulma. Mtaulizwa kwa yote mawili.

Mwenye kile kiwanja namjua. Ni ndugu yetu, na sitamtaja, kwa sababu hakukusudia ubaya. Alitafuta pa kuwalaza wanawe kwa kadiri ya mfuko wake. Nimezungumza naye, na Alhamdulillahi amekubali kuhama. Mzee mmoja wa msikiti huu amemmegea kipande cha ardhi kule juu penye mwinuko. Kilichobaki ni tofali. Kesho baada ya Alfajiri, mwenye mkokoteni aje na mkokoteni, mwenye mikono aje na mikono, tuzihamishe kabla mvua hazijaanza. Tusimwache ndugu yetu na hasara ya peke yake.

Ewe Mola wetu, tujaalie misingi iliyo imara duniani na Akhera. Zifanye mvua zetu ziwe rehema, na utuepushe kuwa sababu ya machozi ya jirani. Amin.

Kesho baada ya Alfajiri, ndugu zangu. Tukutane korongoni, chini ya ule mgunga.