Damu ya Kibiti haina chama

Ndugu Waislamu, katika Surat Al-Hujurat, aya ya 9, Allah (SW) ameamrisha waumini wanaopigana wapatanishwe, na wapatanishwe kwa uadilifu. Sharti hilo la uadilifu ndilo tunalolisahau. Risasi zikinyamaza, tunasema amani imerudi.

Tuwatazame Liberia. Vita vyao vilimalizwa kwa mkataba wa Accra mwaka 2003, ikaundwa serikali ya mpito, kisha Ellen Johnson Sirleaf akaapishwa kuwa Rais Januari 2006. Tume ya Ukweli na Maridhiano ikatoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2009. Lakini hadi Mei 2024 ndipo Rais Joseph Boakai aliposaini amri ya kuanzisha ofisi ya kuandaa mahakama ya wahalifu wa vita. Serikali ilipatikana, haki ikabaki njiani.

Sisi hatukupigana vita kama hivyo, Alhamdulillah. Lakini Kibiti, Rufiji na Mkuranga damu ilimwagika. Hadi mwaka 2017 wenyeviti na watendaji wa vijiji walikuwa wakipigwa risasi. Tarehe 13 Aprili 2017 wakauawa askari polisi wanane. Ikaundwa kanda maalum ya kipolisi, pikipiki zikapigwa marufuku kutembea usiku, na hatimaye mauaji yakakoma. Lakini zipo familia zilizolalamika kuwa watu wao walichukuliwa na hawakurudi.

Hapa tujihesabu wenyewe kwanza. Misikitini nimesikia dua nyingi kwa waliokamatwa, na wanastahili. Ni mara chache nimesikia dua kwa mwenyekiti wa kijiji aliyeuawa, ilhali wapo miongoni mwao tuliosimama nao safu moja. Je, kosa lao ni kadi ya chama? Na wapo wanaomlilia mwenyekiti peke yake, wakitajiwa kijana aliyepotea husema amejitakia. Wote wamekosea. Surat Al-Maida, aya ya 8, inatukataza tusiache uadilifu kwa sababu ya chuki.

Kwa hiyo mtuhumiwa afikishwe mahakamani, na mama anayemsubiri mwanawe aambiwe ukweli, hata kama ni mchungu. Huo ni wajibu wa serikali. Nasi tunaoishi Mbagala na Temeke, wenye ndugu kule Delta, tuwatafute mayatima wa pande zote mbili tuwalipie ada. Yatima haulizwi baba yake aliuawa na nani.

Wabillahi tawfiq.