Kindi Aliyesimama Mbele ya Mwenziwe

Somo: 1 Samweli 30:9-10 na 21-25



Mwezi huu tutaanzia mahali ambapo wengi wenu hamkutazamia kupelekwa na gazeti la kanisa. Baada ya darasa la Kipaimara vijana wetu hukaa chini ya mwembe, wameinamia simu zao, na mara nyingi tumewapita tukitikisa kichwa. Juzi tuliketi nao, tukawauliza wanafanya nini. Jibu lao lilichukua karibu saa nzima, na tangu siku ile hatujaacha kulifikiri.

Mchezo wenyewe unaitwa Pokémon. Ulitoka Japani mwaka 1996, na aliyeubuni, Satoshi Tajiri, alikuwa mtoto mpenda kukamata wadudu. Jina hilo ni kifupi cha maneno yenye maana ya madubwana ya mfukoni. Twajua kwamba maana hiyo peke yake imewatisha wazazi wengine, na wako waliohubiri kwamba ni kazi ya shetani. Sisi hatukumwona shetani humo. Tuliona kitu kinachokula muda wa mtu mno, na hilo tuliwaambia vijana bila kuwaficha. Walicheka, maana walijua.

Mchezaji huwafuga viumbe hawa wa kubuniwa, huwafunza, kisha huwapambanisha na viumbe vya mwenzake. Katika mashindano makubwa kila mmoja huja na viumbe sita, kwa kila pambano huchagua wanne katika hao, nao husimama uwanjani wawili wawili. Likumbukeni hilo la wawili wawili.

Mwezi wa Agosti mwaka 2014 mashindano ya dunia yalifanyika Washington, mji mkuu wa Marekani. Katika kundi la wakubwa waliofika fainali ni Se Jun Park wa Korea Kusini na Jeudy Azzarelli wa Marekani. Sasa, nguvu za kila kiumbe hupimwa kwa tarakimu sita, yaani uhai wake, mashambulio yake ya namna mbili, ulinzi wake wa namna mbili, na wepesi wake. Garchomp, joka wanayempenda sana washindani, jumla ya tarakimu zake ni 600. Park alikuwa naye Garchomp. Lakini pamoja naye alimleta Pachirisu, ambaye jumla yake ni 405. Huyu ni kindi mweupe mwenye mstari wa buluu mgongoni, kimo chake sentimita 40, uzito wake haufiki kilo nne. Nguvu yake ya kushambulia ni 45. Kijana mmoja alituambia kwamba kindi huyu watu walimfuga kwa sababu anapendeza macho, na hakuna aliyetazamia kumwona kwenye fainali ya dunia.

Kwa nini basi aliletwa? Hapa vijana walianza kusema wote kwa pamoja, na ikatubidi tuwaombe waseme mmoja mmoja. Mpiganaji mkuu wa Park alikuwa Gyarados, nyoka mkubwa wa majini. Huyo ni wa maji na wa hewa pamoja, kwa hiyo kabla hajageuka umbo lake pigo la umeme humwumiza mara nne. Alikuwako pia Talonflame, ndege wa moto, naye anauogopa umeme. Kila adui anajua hilo, na kila adui huja na umeme wake tayari.

Kindi ana mbinu moja ambayo jina lake, likifasiriwa, ni “Nifuate”. Akiitumia, mapigo ambayo adui amemlenga mwenziwe hugeuka njiani na kumwendea yeye. Tena asili yake ni ya umeme, na Pachirisu wa Park alikuwa na kipaji cha kuumeza: umeme ukimfikia haumwumizi hata kidogo, bali humrudishia robo ya uhai wake. Lile radi lililokusudiwa kumwangusha mkubwa linakuwa chakula cha mdogo. Wakati huohuo mkubwa amesimama mzima, naye anapiga. Kindi mwenyewe hakukosa la kufanya, maana ana mguso unaompooza adui, na ana ng'ato liondoalo nusu ya uhai uliobaki wa adui, awe joka awe jabali. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kusimama pale. Park akashinda ubingwa wa dunia, na watu ukumbini wakamshangilia kindi.

Tuliposikia jina la mbinu ile tulinyamaza kidogo. Sisi tunalijua neno hilo kutoka kando ya ziwa, Bwana alipowaita wavuvi, nao wakaziacha nyavu. Lakini kindi hasemi neno lake kwa rafiki, hulisema kwa adui. Ndipo tukakumbuka bustani, usiku ule walipokuja na mienge na silaha. Someni Yohana 18:8. Bwana aliwaambia askari kwamba kama wanamtafuta yeye, basi hawa wengine waachwe waende zao. Aliyewaita wanafunzi wamfuate ndiye aliyeyaita mapigo yao yamfuate yeye. Msituelewe vibaya, hatusemi Mwokozi wetu afananishwe na mnyama wa simu. Mfano huu unachechemea, kama mifano yote. Yeye hakumeza mauti kwa sababu mauti hayakumwumiza. Yalimwumiza, akafa kweli. Lakini mtoto aliyeelewa kwa nini kindi alisimama mbele ya Gyarados amekwisha kukaa karibu na mlango wa Ijumaa Kuu, na mwalimu mwenye busara hatamfukuza mlangoni hapo.

Turudi sasa kwenye somo letu. Daudi na watu wake 600 walifika Siklagi siku ya tatu ya safari, wakaukuta mji umeteketezwa na wake zao na watoto wamechukuliwa mateka na Waamaleki. Walilia mpaka wakaishiwa nguvu za kulia. Kisha wakaondoka mbio kuwafuata. Walipofika kijito cha Besori, watu 200 hawakuweza kuvuka kwa kuchoka, wakabaki na mizigo. 400 wakaendelea, wakashinda, wakarudisha kila kitu. Waliporudi pale kijitoni, wako waliosema kwamba hao waliobaki wapewe wake zao na watoto wao waende zao, ila mali ya ushindi wasiiguse. Maandiko hayawaiti watu hao kwa jina zuri. Daudi alikataa. Akaamuru kwamba aliyeshuka vitani na aliyekaa na mizigo wagawane sawa, na jambo hilo likawa sheria katika Israeli.

Tunapolisoma somo hili kanisani watu huitikia kwa kichwa. Lakini tazameni jinsi tunavyogawana shukrani zetu sisi wenyewe. Siku ya Mavuno husomwa majina ya waliotoa ng'ombe na ya waliotoa mabati. Kwaya hupigiwa makofi. Kasisi hupewa kuku, naye hamkatai. Watu wa kijitoni hawasomwi, kwa sababu hawamo kanisani. Wako nyumbani na mizigo.

Tunamfikiri dada mmoja. Hatutamtaja, na wengine wenu mtadhani tunamsema wa jirani yenu, na pengine ni kweli, maana wako wengi wa namna hiyo. Mwaka wa sita sasa anamwuguza mama yake aliyepooza upande mmoja. Humgeuza usiku asipate vidonda, humlisha kwa kijiko, hufua mashuka kila siku, na bado ndiye anayetukanwa mama akichanganyikiwa. Ndugu zake wanne wako mjini. Wamesoma, wamejenga, watoto wao wako shule nzuri. Wanakuja Krismasi, wanamsifu mbele ya watu, wanamwambia Mungu atamlipa, kisha wanapanda basi. Na kweli waliweza kwenda mjini na kuinuka kwa sababu yuko aliyesema, hata kama hakutamka kwa kinywa, mapigo ya nyumba hii na yaje kwangu.

Hapa ndipo mchezo wa vijana ulipotuhukumu. Sisi wahubiri tumezoea kumsifu anayebeba. Tunamwambia avumilie, taji lake liko mbinguni. Lakini Park hakumtupa kindi uwanjani na kumwambia avumilie. Kwanza, alijua ni mapigo gani atakayokabili na ni yapi anayoweza kuyastahimili. Mafunzo yake yote aliyaelekeza kwenye uhai na ulinzi, asimdai nguvu za kushambulia ambazo hakupewa. Kisha alimpa tunda la kushika, ambalo uhai ukishuka hadi nusu analila, akapata nguvu tena. Alimpa na mbinu ya kujikinga, ili iwepo zamu ambayo haguswi na yeyote. Na juu ya yote alimweka mwenzi kando yake, na mwenzi yule hakusimama kumsifu. Alifanya kazi iliyompasa katika muda ule alionunuliwa na maumivu ya mwingine. Kindi aliyewekwa peke yake akaambiwa ayavute mapigo yote, huyo hamlindi mtu. Huyo anapigwa tu.

Musa alipochoka mikono kule Refidimu, Haruni na Huri hawakuanza kwa kumtia moyo. Walimtafutia jiwe akalie.

Basi tunawauliza ndugu wanne walioko mjini, na gazeti hili twajua linafika huko: dada yenu ana tunda gani mkononi? Ni zamu gani ambayo haguswi? Fedha mnazotuma ni za dawa ya mama. Ya dada ni ipi? Na sisi wa hapa, tunaompita tukienda kanisani tukisema salamu kwa mama, tumefanya nini na Jumapili zote hizo ambazo yeye hakuja?

Ipo hatari nyingine, nayo lazima tuiseme wazi, maana tunajua wako watakaolitumia neno hili vibaya. Mke anayepigwa na mumewe asisomewe ukurasa huu ili arudi akanyamaze. Kindi yule alimeza umeme kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Mwanadamu hakuumbwa ameze ngumi za mtu aliyemwahidi upendo madhabahuni. Tena kindi alisimama dhidi ya adui, akimlinda mwenziwe. Pale ambapo mwenzi ndiye adui, mpango huo umekufa, na mahali pa mwanamke huyo ni kwa watu watakaomficha na kumwendea mzee wa kanisa, na polisi pia. Mlango wa nyumba ya kasisi uko wazi usiku, na mama wa nyumba ile anajua la kufanya kuliko kasisi mwenyewe.

Jambo moja zaidi tulifundishwa chini ya mwembe, na tulilipenda. Yako mashambulio ambayo hata “Nifuate” haiyavuti. Tetemeko la ardhi, maporomoko ya mawe, hayo hayamlengi mmoja, hupiga wote wawili kwa pamoja, na hakuna awezaye kusimama badala ya mwingine. Ukame ni wa namna hiyo, na tauni ni ya namna hiyo. Tusimlaumu basi mtu aliyezoea kutukinga kama siku moja hakuweza. Huenda siku ile lilikuwa tetemeko, naye limempiga kama lilivyotupiga sote.

Baada ya mazungumzo yale tuliwaita viongozi wa Umoja wa Mama na wazee wa kanisa, tukahesabu nyumba za mtaa zenye mgonjwa wa kitandani anayetunzwa na mtu mmoja tu. Tulidhani zitakuwa mbili au tatu. Zilikuwa tisa. Tuliona haya, maana nyingine ni za karibu sana na kanisa. Sasa limewekwa daftari sakristia, na kila nyumba ina ukurasa wake. Anayeweza kukaa na mgonjwa nusu siku aandike jina lake na siku yake, ili mtunzaji apate kulala, au kwenda sokoni bila kukimbia, au kuja Ekaristi. Wanaume wasiulize kama kazi hii ni ya wanaume. Kurasa tano zimekwisha kuanza kujaa, na nne bado ni tupu.

Jina la kwanza katika ukurasa wa dada yule ni la kijana wa Kipaimara aliyetueleza habari za kindi. Amejiandikia Jumamosi, saa nane hadi saa kumi na mbili. Alituuliza kama anaruhusiwa kwenda na simu yake. Tulimjibu amwulize bibi mwenyewe.